Wenzangu hawataki mbwa mlimani: nimwache nyumbani au niende naye?

SWALI

Shikamoo Mama Mshauri.

Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi hapa Masasi, nina mke na binti wa miaka saba. Walimu na majirani kadhaa tumeunda kikundi cha mazoezi, na kila mwisho wa mwezi tunachagua mahali pa kwenda kutembea. Mwezi huu wa Novemba tumekubaliana kupanda Mlima Mtandi siku ya Jumamosi. Mpango ni kukutana saa mbili asubuhi chini ya mlima karibu na kanisa kuu la Kianglikana, kunywa chai, kupanda taratibu, kula chakula cha mchana juu ya mwamba na kushuka alasiri jua likipoa.

Nina mbwa dume wa kienyeji, umri wake miaka mitatu na uzito wake ni kama kilo 15. Baba mkwe wangu ndiye aliyempa jina la Waache. Ndiye mlinzi wa nyumba na wa mikorosho yangu, na kila nikienda shambani hunifuata bila kuitwa. Kamba anaijua pale nyumbani tu, anapofungwa mchana. Alichanjwa kichaa cha mbwa alipokuwa mdogo, na tangu wakati huo sijampeleka tena.

Nilipoandika kwenye kundi letu la WhatsApp kwamba nitakuja na Waache, yakazuka maneno. Rafiki yangu wa karibu, ambaye ni Muislamu, alisema hataweza kukaa na kula pamoja nasi mbwa akiwa anazungukazunguka, na kwamba yeye atahitaji kuswali adhuhuri kulekule juu. Mama mmoja jirani, aliyeng'atwa na mbwa utotoni, aliandika kwa ufupi kwamba mbwa akija yeye haji. Wengine wakasema atafukuza pimbi na kuwachokoza nyani. Mke wangu naye ananiambia nisimtie aibu kwa ajili ya mbwa.

Mimi naona nimeonewa. Mababu zetu waliingia porini na mbwa, na kwenye simu nawaona watu wa nchi nyingine wakipanda milima mirefu wakiwa na mbwa wao bila mtu kuwauliza. Nilikuwa nimepanga binti yangu ndiye ashike kamba, kwa kuwa mbwa anampenda sana. Nimeudhika kiasi cha kufikiria kujitoa kikundini. Naomba ushauri wako: niende na Waache au nimwache, na kama nitakwenda naye, nifanyeje ili kusitokee la kutokea?

Mwalimu, Masasi

JIBU

Marahaba, mwanangu. Pole kwa maneno ya kundini, na nimsifu baba mkwe wako kwa kuchagua jina linalowajibu watu kabla wewe hujafungua kinywa.

Kwa Jumamosi hiyo, Waache abaki nyumbani. Sisemi hivyo kwa sababu wenzako ni wengi na wewe ni mmoja. Hata kama kikundi kizima kingekuwa cha wafuga mbwa, ningekujibu hivyohivyo, kwa sababu ratiba mliyoipanga binadamu ataimudu kwa kofia na chupa ya maji, lakini kwa mbwa ni ratiba ya hatari. Ukianza kupanda baada ya saa mbili, ukakaa juu ya mwamba mchana na kushuka alasiri katika mwezi wa Novemba, maana yake mbwa atatembea saa zote za joto kali bila kupata hata moja ya ubaridi.

Sisi hutoka jasho mwili mzima. Mbwa hutoka jasho kidogo tu kwenye nyayo, na sehemu kubwa ya joto lake huitoa kwa kuhema ulimi ukiwa nje. Kuhema huko humsaidia hewa inapokuwa ya baridi na kavu, lakini wewe unaijua Novemba ya kwetu kabla mvua hazijashika: mawingu yanajikusanya, hewa inafukuta, na mtu aliyekaa kivulini analowa. Joto la kawaida la mwili wa mbwa ni kama nyuzi 38 hadi 39, na likivuka 41 viungo vya ndani huanza kuharibika, naye anaweza kufa siku hiyohiyo au baada ya siku chache, hata kama alionekana amepata nafuu.

Halafu kuna mwamba wenyewe. Milima ya Masasi, yaani Mtandi, Mkwera na mingine, ni miamba mikubwa iliyosimama peke yake katika nchi tambarare, na sehemu kubwa ya mgongo wake ni jiwe tupu lisilo na udongo wala mti. Jua likiupiga tangu asubuhi, mwamba huo huwa kama kikaango, na ninyi mliovaa raba hamtajua, kwa kuwa anayeukanyaga kwa ngozi ni yeye peke yake. Kipimo chake ni rahisi: weka mgongo wa kiganja chako juu ya jiwe na uhesabu taratibu hadi saba, na ukishindwa kuvumilia, ujue na nyayo za mbwa haziwezi. Jambo baya ni kwamba jiwe ulilolipima asubuhi mkipanda na kulikuta baridi ndilo hilohilo mtakaloshukia mchana likiwa linaunguza, na hakuna njia nyingine ya kurudi nyumbani.

Ninalotaka ulishike zaidi ya yote ni hili: mbwa wa kienyeji hamkatalii mwenyewe. Mtoto akichoka atalia, mke akichoka atakaa chini na kukuambia umbebe, na mbuzi akichoka atagoma. Waache, kwa jinsi ulivyomweleza, atakufuata mpaka miguu ya nyuma imkatike, halafu atajaribu kukufuata kwa ya mbele. Huwezi kumtegemea akuonyeshe kikomo chake, kwa hiyo kikomo hicho ukiweke wewe mkiwa bado nyumbani, kwa kutaja saa ya kugeuka, na ikifika ugeuke hata kama kilele unakiona.

Kuna dalili ambazo ni lazima uzijue kabla hujaenda naye siku yoyote ile. Kuhema kwa kawaida hupungua akipumzika kivulini kwa dakika chache. Kusipopungua, hiyo ni dalili ya kwanza. Udenda ukiwa mzito na wa kunata, macho yakikodoa, akianza kuyumba au kutapika, safari imekwisha. Mfunue mdomo utazame ufizi: wa mbwa mwenye afya ni wa waridi na una majimaji, na ukiubonyeza kwa kidole gumba huwa mweupe, kisha rangi hurudi ndani ya sekunde kama mbili. Ukiwa mwekundu sana, au mkavu, au rangi ikichelewa kurudi, msogeze kivulini mara moja, mmwagie maji mwilini, hasa tumboni na miguuni, na mumpepee kwa chochote mlicho nacho. Msimfunike kwa kanga iliyoloa, kwa kuwa kanga hiyo hupata joto na kulizuia lisitoke, wala msimnyweshe kwa nguvu. Akishapoa kidogo abebwe, asitembezwe, apelekwe kwa mtaalamu wa mifugo. Nawe ujiulize ni nani katika kikundi chenu, baada ya maneno yale ya WhatsApp, atakayekusaidia kubeba kilo 15 kuteremka mwamba.

Sasa nije kwa wenzako, kwa kuwa naona ndio waliokuumiza. Rafiki yako Muislamu hakukudharau. Waislamu wengi wa kusini na pwani yetu hufuata madhehebu ya Shafi, na katika madhehebu hayo mate ya mbwa na umajimaji wa pua yake ni najisi nzito, ambayo huoshwa mara saba, na mojawapo ya hizo iwe kwa udongo. Mbwa mkavu akigusa nguo kavu hakuna tatizo, wala dini haimkatazi mtu kufuga mbwa wa kulinda shamba au wa kuwinda. Lakini mbwa anayehema mlimani hawi mkavu. Atapita katikati yenu ulimi ukidondosha mate, atanusa mifuko ya chakula, atamlamba mtu mguu kwa furaha tu. Rafiki yako atakuwa amepanda na maji aliyoyapima kwa kunywa na kutawadha, na juu ya jiwe tupu hatakuwa na maji ya kuosha suruali mara saba, hata udongo wenyewe atautafuta. Alichokuambia kwenye simu ni kwamba mbwa wako anaweza kumkosesha swala, na ameona vema akuambie mapema kuliko kunyamaza na kukaa mbali nanyi siku nzima. Mtu wa namna hiyo ni rafiki wa kweli, mpigie simu leo.

Yule mama simwongezei neno. Aliyeng'atwa utotoni haambiwi kwamba mbwa huyu hana neno, maana hata yule aliyemng'ata huenda mwenyewe alikuwa akisema hivyohivyo.

Ya mababu ni kweli, walikwenda porini na mbwa, ila nikukumbushe kwamba wawindaji walitoka alfajiri au jioni, walipita penye kivuli na penye maji, na hawakuwaketisha mbwa juu ya mwamba saa saba mchana wakisubiri wali upakuliwe. Na hao unaowaona kwenye simu nao wana masharti yao. Table Mountain, mlima wa Cape Town kule Afrika Kusini, kwa mfano, ni hifadhi ambayo mwenye mbwa hukata kibali, hupita maeneo yaliyoruhusiwa tu, na kwenye magari ya kamba yanayopandisha watalii mbwa haruhusiwi. Hapa kwetu, hifadhi za taifa kama Kilimanjaro na Udzungwa haziruhusu kabisa mtu kuingia na mbwa wake, kwa sababu ya magonjwa ambayo mbwa na wanyama pori huweza kuambukizana. Mtandi si hifadhi ya taifa, lakini una wenyewe: kuna kanisa, kuna makazi na mashamba chini yake. Salamu kwa uongozi wa mtaa na kwa watu wa kanisani kabla ya kupita na mbwa haitakugharimu kitu, na itakuepusha na kufukuzwa mbele ya binti yako.

Chanjo ndilo jambo lililonishtua zaidi katika barua yako, nawe umelitaja kana kwamba ni dogo. Chanjo ya utotoni pekee haitoshi. Mbwa hurudiwa chanjo ya kichaa kila mwaka. Karibu vifo vyote vya binadamu vinavyotokana na kichaa cha mbwa huanzia kwenye meno ya mbwa, na dalili zikishaanza kwa binadamu, hospitali haina la kufanya. Mikoa yetu ya Lindi na Mtwara ilikuwa miongoni mwa maeneo ya kusini-mashariki yaliyoingizwa katika mradi mkubwa wa Shirika la Afya Duniani wa kuchanja mbwa ulioanza mwaka 2010, na wengi waliobahatika wakati ule walidhani kazi imekwisha, ilhali mbwa huzaliwa kila mwaka na kinga ya sindano huisha. Mpeleke Waache kwa afisa mifugo wa kata wiki hii, na usimpandishe mlima wowote kabla ya wiki nne kupita tangu siku ya sindano. Sababu yake ni kwamba mlimani anaweza kukutana na nguchiro au na mbwa wa watu wengine, na akipigana nao hutajua yupi alikuwa na nini. Mtu yeyote aking'atwa au hata akikwaruzwa na jino, jeraha lioshwe papo hapo kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, lisipakwe pilipili, mafuta wala jiwe la nyoka, kisha aende kituo cha afya siku hiyohiyo.

Kuhusu nyani, waliokuonya wana haki. Mbwa akiona nyani hukimbia kumfukuza, na nyani dume, tofauti na pimbi, hufika mahali akageuka. Meno yake ya chonge ni marefu kuliko ya mbwa wako, na ana mikono ya kumshikia. Kwa sababu hiyo mlimani Waache awe kwenye kamba tangu hatua ya kwanza mpaka ya mwisho, kamba fupi ya kama mita mbili, iliyofungwa kwenye ukanda wa kifuani na si shingoni, ili akiteleza asijinyonge. Kamba hiyo asishike mtoto. Najua wanapendana, lakini mbwa wa kilo 15 akiona pimbi amechomoka kwenye ufa humvuta mtoto wa miaka saba kabla hujamaliza kuita jina, na pale Mtandi kuna mahali ambapo hatua tatu za kuvutwa ni nyingi. Binti apewe kazi ya kubeba bakuli la maji la mbwa, ataifurahia vilevile.

Kwa kuwa hajawahi kutembea na kamba, anza kumzoesha sasa hapo mtaani asubuhi na jioni, mpaka aache kuvuta. Kikundi chako kipande Jumamosi yao, nawe upande nao, na Waache abaki kulinda mikorosho, kwani huu ni msimu wa kuokota korosho na kulinda ndiyo kazi anayoijua.

Safari yake mwenyewe ningeiweka Juni au Julai, kipupwe kinapovuma na asubuhi za Masasi zinapomtaka mtu avae sweta. Muwe watu wawili watatu wasio na shida na mbwa, mfike chini ya mlima kunapopambazuka, na saa tatu asubuhi muwe mmeshageuka, mmefika juu au hamkufika. Jioni ya kuamkia safari ale mapema, na asubuhi asijazwe ugali, maana mbwa aliyeshiba akipanda mwinuko hutapika au tumbo humjaa gesi. Maji yake yawe mbali na yenu. Mbwa wa uzito huo hutumia karibu lita moja kwa siku akiwa amelala tu nyumbani, kwa hiyo bebeni lita mbili kwa ajili yake peke yake, na mumpe kidogokidogo kila mnapopumzika, bila kungoja aonyeshe kiu.

Katika miezi hiyo angalieni njia mnayopita chini, kwa sababu ndipo watu wanapopuliza salfa, ile dawa ya unga, kwenye mikorosho, na vumbi lake huwasha macho na pua za mbwa kuliko zetu, kwa kuwa yeye hutembea pua ikiwa chini. Mkilikuta shamba jeupe kwa vumbi, zungukeni. Kuna na upupu, ambao ukishika manyoya yake utakufikia wewe utakapombeba. Miezi ya mbele zaidi, Agosti na Septemba, watu huchoma mapori, na majivu yanayoonekana yamezimika huweza kuwa na moto chini yake, mbali na visiki vilivyochomwa ambavyo huchoma nyayo kama misumari. Wakati wa kushuka mpunguze mwendo, kwa kuwa ngozi ya nyayo husagika zaidi kwenye mteremko kuliko kwenye kupanda. Mkiona anainua mguu mmoja mmoja au anaacha madoa ya damu kwenye jiwe, abebwe.

Mkirudi, mkague kabla hajalala: katikati ya vidole kwa miiba na mbegu za nyasi, ndani ya masikio, kwapani na chini ya mkia kwa kupe. Kupe ang'olewe kwa kushikwa karibu kabisa na ngozi na kuvutwa moja kwa moja, bila kumpaka mafuta ya taa. Kisha, kwa kuwa kupe huweza kumwachia ugonjwa, kwa wiki mbili tatu zinazofuata utazame ufizi wake na mkojo wake. Ufizi ukipauka, mkojo ukiwa wa rangi ya chai ya rangi, au akikataa chakula na kulala tu, usimtibu kwa kubahatisha dukani, mrudishe kwa afisa mifugo na umweleze kwamba alipanda mlima na tarehe aliyopanda.